Friji ya mama na pesa kubwa za pwani: jibu kwa binti wa Ngamiani

Binti mmoja wa Ngamiani hapa Tanga kaniandikia swali refu, nimelikata kidogo ila maneno ni yake: "Shikamoo mwalimu. Babu mzaa mama aliletwa Tanga toka Kigoma kukata mkonge, kafa hana hata kiwanja, kaacha kipande chake cha kazi tu, ile kadi ya kuhesabia siku, mama kakihifadhi kwenye sanduku. Mama anauza samaki wa kukaanga. Mwezi uliopita kakopa laki mbili kwa kampuni ya hizi kausha damu, kurudisha elfu kumi kila siku kwa siku ishirini na sita, kakwama siku nne wakaja kubeba friji. Na huku kila siku tunasikia mabilioni yanashuka Chongoleani kwenye bomba la mafuta. Kwani mwalimu hizi pesa kubwa zimewahi kukutana na watu kama sisi, au sisi wa kuzitazama tu zikipita? Na mbona watu wanasema sisi wa pwani hatukopesheki?"

Marahaba mwanangu, na pole sana. Muuza samaki bila friji ni kama mvuvi bila mtumbwi, na waliobeba walilijua hilo vizuri ndo maana hawakubeba kochi.

Nikujibu kwanza afu ndo nizunguke, maana mie nikianza kuzunguka huwa sirudi. Ndio, zimekutana na watu kama nyie, tena tangu kabla babu yake babu yako hajazaliwa, sema kila zilipokuja pwani hii zilimtaka mtu wa kawaida awe dhamana ya mkopo wa mtu mwingine. Yeye mwenyewe akopeshwe, kwa riba ya kawaida, kwa karatasi anayoielewa, hiyo ndo haikutokea, na wala haikuwa bahati mbaya, kuna mahali iliandikwa kabisa kwenye sheria, nitakufikisha huko.

Tuanzie kwa jirani zetu Bagamoyo. Watu wakisikia Bagamoyo wanawaza pembe, watumwa na kanisa la wamisionari, sawa, ila chini ya yote hayo kulikuwa na daftari la madeni. Karne ya 19 mkubwa wa msafara alikuwa haendi bara na pesa yake, alikuwa anaenda na mali ya kukopa: merikani (kitambaa kilichotoka Massachusetts huko Marekani, jina limebaki mpaka leo), kaniki, shanga, waya wa shaba, bunduki na baruti. Anakopa Unguja kwa matajiri wa Kihindi, na hao nao wana mikataba yao Bombay na kwa wafanyabiashara wa Marekani na Hamburg. Tippu Tip mwenyewe, pamoja na ukali wake wote, mtaji wake ulitoka kwa Taria Topan. Bagamoyo penyewe alikuwepo Sewa Haji, kazaliwa 1851 kafa 1897, huyo alikuwa anakopesha mali, anatafuta wapagazi, anauzia wazungu wasafiri vifaa, yani duka la jumla, wakala wa ajira na benki kwenye nyumba moja. Alitoa pia jengo la shule Bagamoyo na pesa za hospitali Dar, kwahiyo usinielewe kwamba nasema walikuwa mashetani, biashara ilikuwa imekaa hivo.

Sasa angalia inavyofanya kazi. Dini ya Kiislamu inakataza riba na wakopaji wengi ni Waislamu, kwahiyo riba haiandikwi. Kinachofanyika ni bei: kitambaa ukikilipa leo bei hii, ukikilipa kwa pembe baada ya mwaka au miwili bei nyingine kabisa, na kwenye waraka inaandikwa ile ya juu tu. Upande wa mashamba kulikuwa na kitu kinaitwa bei ya khiyari, unamuuzia mtu shamba lako la minazi au mikarafuu "kwa hiari ya kukomboa", afu unabaki unalipanga kwake shamba lililokuwa lako jana. Ile kodi unayomlipa ndo riba yenyewe imevaa kanzu. Nakueleza hivi kwa sababu ile fomu ya mama yako nayo, naweka dau, neno riba kama lipo limeandikwa kwa herufi za mchwa, na pembeni kuna "ada ya fomu", "bima" na "faini ya kuchelewa".

Na mnyororo huu kila kiungo kinaongeza chake. Tajiri wa Unguja anaongeza, mkubwa wa msafara anaongeza, na wa mwisho hana wa kumuongezea, anatoa mwili. Mpagazi anabeba, mara nyingi Mnyamwezi, kalipwa sehemu mbele na hiyo sehemu keshaimaliza Bagamoyo kwa chakula cha kusubiri safari. Chini yake kuna aliyekuwa mali kabisa, maana mtumwa alikuwa anawekwa rehani kama shamba linavyowekwa. Njaa ikiingia pwani kuna watu walikuwa wanajiweka rehani wenyewe au watoto wao kwa chakula, wakitegemea kukombolewa mvua zikirudi, na si wote walikombolewa.

Hata Sultani alikuwa ndani ya daftari. Ushuru wa forodha alikuwa hakusanyi mwenyewe, anaukodisha: nyumba ya Jairam Shivji ilishika forodha kwa sehemu kubwa ya miaka ya katikati ya karne ile, inamlipa Sultani kiasi kimoja kwa mwaka, inayobaki yake. Na kwa vile Sultani kila mara alikuwa anachukua ya mwaka ujao kabla haujafika, ikawa mwenye nchi anadaiwa na mkusanya ushuru wake mwenyewe. Nakuomba uliweke hili kichwani, ushuru wa bandari kuwa dhamana, maana linarudi baada ya aya mbili likiwa limevaa kofia ya Kijerumani.

1885 kampuni ya Carl Peters na wenzake, ile Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, ikapewa hati ya Kaizari. Peters ndo anasifiwa au kulaaniwa kwa mikataba yake ya kusainisha machifu, mie namtazama zaidi Karl von der Heydt, mwenye benki wa Elberfeld, kwa sababu bila pesa zake na za wenzie ile kampuni ingekufa ndani ya mwaka. Kaizari mwenyewe aliweka mark 500,000. Wawekezaji wale wakataka kuona mapato, na mapato ya haraka pwani hii yalikuwa wapi? Forodhani. Aprili 1888 Sultani Khalifa akawakodishia pwani miaka 50, na Agosti wakaja kuchukua.

Shuleni mlifundishwa kwamba Abushiri alipigana kwa sababu ya bendera na dharau, na dharau ilikuwepo kweli, yule Zelewski, mtu wa kampuni aliyekuwa Pangani, watu walimwita Nyundo na hawakumwita hivo kwa mapenzi. Ila kampuni ilileta vitu viwili vingine ambavyo kwenye mitihani huwa havitoki. Cha kwanza, ada zote ndogondogo ambazo majumbe (wakuu wa miji) wa Bagamoyo, Pangani na kwingineko walikuwa wanapata kwenye misafara, kampuni ikazitaka zote zipite kwake. Cha pili, ikatangaza kila mwenye shamba au nyumba ajiandikishe na athibitishe kwa karatasi, la sivo ni mali ya kampuni. Hebu fikiria mzee wa Pangani ambaye minazi kaipanda baba yake, mipaka inajulikana kwa mkungu na kaburi, leo anaambiwa alete cheti. Pwani ikalipuka, Bwana Heri kule Saadani naye akasimama, ofisa wa Kijerumani Wissmann akaletwa na jeshi la kulipwa na serikali ya Ujerumani, na tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri akanyongwa Pangani. Nyundo nae hakufika mbali, 1891 Wahehe wakammaliza Lugalo.

Hapa sasa. Kampuni imeshindwa, serikali ya Ujerumani inachukua koloni, na Sultani lazima alipwe fidia ya pwani, mark milioni 4. Zimetoka wapi? Kampuni ile ile iliruhusiwa kuchukua mkopo wa zaidi ya mark milioni 10 kwa kuuza hatifungani Ujerumani (yani karatasi za deni, anayenunua ndo anakukopesha), humo Sultani akalipwa zake na zilizobaki zikawa za kampuni kuendelea na shughuli. Na mkopo ukawekewa dhamana gani? Mark 600,000 kila mwaka kutoka kwenye ushuru wa forodha za pwani hii hii. Yani Tanga, Pangani, Saadani, Bagamoyo, Dar, Kilwa, kila mtu aliyenunua gora la kitambaa au kuuza kopra alikuwa anachangia kulipa mkopo wa kununuliwa kwake mwenyewe. Mie nimefundisha historia ya uchumi miaka mingi na bado hii kila nikiielezea nacheka, si kicheko cha furaha lakini.

Baada ya hapo mambo ya ardhi yalikwenda haraka. Amri ya 1895 ikasema ardhi "isiyo na mwenyewe" ni ya dola, na asiye na karatasi ilikuwa rahisi sana kuonekana hana. Kodi ya nyumba ikatangazwa 1897, rupia 3, na rupia hazioti shambani, ilibidi uuze kitu au ujiuze kazi. Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893 na kampuni binafsi, ikafika Muheza 1896 pesa zikakata, serikali ikaichukua 1899 ndo ikasogea, Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. (Kampuni ikipata faida ni yake, ikikwama ni ya serikali, mchezo huo ni wa zamani kuliko reli yenyewe.)

Na mkonge. 1893 mtaalamu wa ile kampuni, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika Tanga mizima 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka miche 62 ile kuna wakati Tanganyika ikawa ya kwanza duniani kwa mkonge, mwaka 1964 zaidi ya tani 200,000. Ukipita leo barabara ya Muheza kwenda Korogwe ukaona mistari ile haina mwisho, wote hao ni wajukuu wa miche 62.

Sasa mkonge ni zao la mwenye mtaji. Unapanda leo unasubiri miaka kama mitatu kabla hujakata jani la kwanza, afu unahitaji korona ya kuchakata, maji mengi, tololi, reli ndogo. Jani likikatwa lazima lifike korona haraka. Mkulima wa Kibondei na eka zake mbili hawezi kufunga korona, kwahiyo zao lilizaliwa likiwa la makampuni, na pesa zake zilitoka Ujerumani, baadaye Uingereza, Uswisi, na kwa matajiri wa Kihindi wa hapa hapa kama akina Karimjee Jivanjee. Wabondei, Wadigo na Wazigua wengi walikuwa wajanja, wana mashamba yao ya mihogo na minazi, wakaona afadhali wawauzie kambi chakula kuliko kukata mkonge. Ndo kampuni zikaenda kutafuta watu mbali, Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi, na 1944 wakaunda kabisa ofisi ya pamoja ya kuajiri, SILABU. Kila aliyeletwa kapewa namba, ndo manamba. Na walipenda atoke mbali na awe peke yake, kwa sababu mshahara wa mtu mmoja ni mdogo kuliko wa familia, mke na watoto wanajilisha kwa jembe lao kule Buha. Kwa lugha nyingine bibi yako kule Kigoma alikuwa anailipia kampuni sehemu ya mshahara, kwa mihogo.

Tufike kwenye kile kipande kilichoko kwenye sanduku, maana hapa ndo moyo wa jibu langu ulipo. Kipande kina vyumba 30. Kila siku babu yako akimaliza kazi aliyopangiwa, majani yamefungwa matita ya thelathini thelathini na nyapara kahesabu akaridhika, chumba kimoja kinatiwa alama. Matita yakipungua, siku haihesabiwi. Akiumwa, akinyeshewa, chumba kinabaki cheupe. Mshahara unatoka vyumba vyote 30 vikijaa, na kujaza vyumba 30 kulichukua mwezi na zaidi, wakati mwingine karibu miwili. Sasa nikuulize: katika muda wote ule, nani kamkopesha nani? Kampuni imeshapata majani ya siku ya kwanza, imeshayachakata, pengine singa, zile nyuzi za mkonge, zimeshafika bandarini, na babu yako bado anasubiri alipwe ya siku hiyo ya kwanza. Babu yako alikuwa anaikopesha kampuni, mwanangu, kila mwezi, miaka yote, bila riba, bila dhamana. Na kwa vile lazima ale wakati anasubiri (posho ya chakula ilikuwepo ila posho haina chumvi ya kutosha wala tumbaku), anakwenda kukopa duka la kambini, na mwenye duka anaangalia kipande kina alama ngapi ndo anaamua ampimie kiasi gani.

Mama yako anaanza kurudisha siku ya kwanza, baba yake alilipwa baada ya siku ya thelathini ya kazi. Familia moja, na mara zote mbili asiyesubiri ni mwenye pesa.

Halafu ile habari ya kutokopesheka. Wakati wa Mwingereza kulikuwa na mambo mawili hayasemwi sana mitaani. La kwanza ni noti zenyewe. Kuanzia Desemba 1919 pesa zetu zilitolewa na bodi ya sarafu ya Afrika Mashariki, makao yake London, na shilingi haikutoka mpaka kuwe na pauni imewekwa kule London, akiba ile ikanunua dhamana za serikali ya Uingereza na kwingine. Maana yake pesa iliyozunguka sokoni Ngamiani ilikuwa ni kivuli cha mkonge uliouzwa Ulaya. Mkonge ukishuka bei, kama ulivyoporomoka miaka ya 1930, si kambi tu zilizolia, hata muuza vitumbua anakosa chenji, kwa sababu chenji kweli imepungua nchini. Vita vya Korea vikaja 1950 bei ikapaa, mji ukachangamka, majumba yakajengwa, watu wa Tanga wakadhani wao ndo wametajirika. Na zile benki tatu kubwa za wakati huo, National Bank of India, Standard na Barclays, zilikopesha wauzaji nje na wenye mashamba makubwa, akiba inayozidi inapelekwa London. Hazikuwa zinaficha, ndo kazi iliyozileta.

La pili ndo lile nililoahidi. Kulikuwa na sheria ya kuzuia mikopo kwa "wenyeji", iliyokuwepo tangu miaka ya 1920 na ikakazwa 1931, inasema ukimkopesha Mwafrika bila kibali cha maandishi cha ofisa wa serikali, huwezi kumdai mahakamani. Walisema ni kumlinda mwenyeji asinyonywe na wenye maduka, na kuna waliosema hivo kwa nia njema, sikatai. Lakini pima matokeo: benki gani itampa mtu pesa ambayo mahakama haitamsaidia kuidai? Ardhi yake haina cheti kwa hiyo haiwekwi rehani, mshahara wake uko kwenye kipande, na mahakama imefungwa. Umemfunga mtu miguu miaka thelathini, ukimfungua unasema Waswahili hawajui kukimbia. Kwahiyo mtu akikuambia wa pwani hawakopesheki, ni wavivu, wanapenda ngoma, muulize kama anajua mwaka 1931 kulitokea nini. Sisemi sisi malaika, mie nina ndugu yangu kakopa SACCOS kaoa mke wa pili, ila ndugu mmoja si historia.

Uhuru ukaja, na Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, benki zikataifishwa, ikaundwa NBC, benki ya taifa ya biashara, na Oktoba mashamba mengi ya mkonge nayo yakachukuliwa. Mie nilikuwa mtoto wa shule, tuliandamana, tuliimba mpaka sauti zikakauka. Na nasema bado ilikuwa haki, pesa ya nchi kukaa nchini si jambo dogo. Sema NBC ilikopesha mashirika ya umma, muuza samaki alikuwa bado nje ya mlango, safari hii mlinzi ni ndugu yake tu. Na mkonge ulichukuliwa saa mbaya kabisa, kamba za plastiki zilikuwa zimeshaanza kuua soko, uongozi nao ukayumba, kufika katikati ya miaka ya 1990 tani hazifiki hata 40,000. Kambi zikabaki na wazee wasio na pa kurudi, babu yako mmoja wao nadhani. Baadaye sheria ya 1991 ikafungulia benki binafsi, NBC ikagawanywa 1997, ikauzwa 2000, matawi mengi ya vijijini yakafungwa kwa kuwa hayalipi. Hapo katikati, kwenye ule uwazi, ndo upatu na VICOBA vimekua, simu za pesa zimeingia kuanzia 2008, na hao wa kausha damu nao wakaona mlango uko wazi.

Chongoleani. Bomba linatoka Hoima Uganda, kilomita 1,443, zaidi ya 1,100 zipo kwetu, jiwe la msingi liliwekwa hapa Agosti 2017. TotalEnergies wana asilimia 62, Uganda 15, sisi kwa shirika letu la mafuta TPDC 15, Wachina wa CNOOC 8. Benki nyingi kubwa za Ulaya na Marekani zilitangaza hazitaki kuugusa kwa ajili ya mazingira, na Machi 2025 fungu la kwanza la mkopo likatangazwa kutoka Afreximbank, Standard Bank, Stanbic na KCB za Uganda, pamoja na taasisi ya Kiislamu ya ICD, kwahiyo humo kuna mkopo wa riba na wa Kiislamu usioandikwa riba. Utaniuliza dhamana ni nini. Ni mafuta yatakayopita na mikataba ya kuyapitisha. Mkopo unaangalia kinachopita, kama ulivyoangalia pembe na singa, na bahati njema ya zama hizi ni kwamba mnaokaa pale si mali ya mtu na fidia ya ardhi ipo kisheria, bahati mbaya ni kwamba bomba likishafukiwa halihitaji wapagazi wala wakataji. Wenye kupata ni wale watakaouza kitu kwa mradi, chakula, nyumba, usafiri, wakati wa ujenzi. Ukiwa na cha kuuza kiuze saivi.

Kuna jingine la hapa hapa ambalo nashangaa watu wa Tanga hawalizungumzi vibarazani. Februari 2024 mamlaka yetu ya maji, Tanga UWASA, iliuza hatifungani ya kijani ya miaka 10, shilingi bilioni 53.12, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, ikanunuliwa ikazidi, sasa iko soko la hisa Dar. Inalipwa kutokana na mapato ya maji. Yani bili ya mama yako iko ndani ya dhamana ile. Mimi hili naliunga mkono, bomba la maji lazima lijengwe na pesa za bajeti hazitoshi, ila linanikuna kichwa: mwenye akiba anapata 13.5 kwa mwaka kutoka kwenye bili za mji ambao muuza samaki wake anakopa kwa kiasi gani? Tupige hesabu.

Mama kapokea 200,000, atarudisha 260,000 kwa siku 26. Wao watasema hiyo ni 30 kwa mia. Siyo. Kwa sababu anarudisha kila siku, ile laki mbili hakai nayo, ikifika katikati mkononi ana nusu tu, kwa wastani anatumia kama laki moja. Elfu 60 juu ya laki moja, chini ya mwezi, ni kama 60 kwa mia, bado hujaweka ada ya fomu. Benki Kuu kwa kampuni hizi za daraja la pili (zinazokopesha bila kupokea akiba za watu) imeweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Hata ungeihesabu juu ya laki mbili nzima ingekuwa elfu 7.

Kwahiyo nenda na mama, usimwache aende peke yake, ombeni nakala ya mkataba na muulize namba ya leseni yao ya Benki Kuu. Kama hawana leseni mko kwenye jambo lingine kabisa na friji lazima irudi. Kama wanayo, hesabu hiyo hapo juu iandike kwenye karatasi, peleka ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri na malalamiko yafike Benki Kuu, friji haibebwi kiholela kwa kuchelewa siku nne. Ukiwa pale pale halmashauri ulizia ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, nne wanawake nne vijana mbili wenye ulemavu, haina riba, inataka kikundi kilichosajiliwa, na wauza samaki watano hawakosekani Ngamiani. Msumbufu mchakato wake, nakuambia mapema, mtazungushwa.

Kipande cha babu msikitupe wala msikilaminishe, joto na gundi vinaharibu karatasi. Kipige picha mbele na nyuma mchana kwenye kivuli, andika pembeni jina la shamba kama linasomeka. Unitumie. Nataka kuona cha mwisho kiliishia na alama ngapi, kwa sababu kama vyumba 30 havikujaa, zile siku hakulipwa.